Milio ya Magari na Mitambo katika Mchezo wa Redio: Kuwaka, Kwenda na Kuzima

Mtu akaaye Lutindi, juu katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, hulisikia gari muda mrefu kabla ya kuliona. Kona za njia ya mlimani na miti iliyo kandoni huyazuia macho, lakini hazilizibi sikio. Msikilizaji hutambua gari linapopunguza gia chini ya kilima. Hutambua kama lina shehena au ni tupu, kama lapanda au lashuka. Na injini ikinyamaza kabla ya wakati wake, hujua kwamba huko chini wako watu wanaohitaji msaada. Lutindi ni mahali pa hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1904 katika kituo cha misheni ya Kijerumani kilichofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mahali kama hapo gari lisikikalo usiku si kelele tu. Ni habari: huenda ni mgonjwa aletwaye, huenda ni jamaa wajao kumtazama mtu wao, huenda ni dawa.

Sasa tuseme mwandishi ametunga mchezo wa redio ambao mambo yake yatukia mahali kama hapo, na katika mchezo huo gari lapanda mlima usiku, linazimika njiani, kisha linawaka tena. Mtayarishaji atautoa wapi mlio wa gari hilo? Siku hizi jibu ni jepesi. Atafungua mtandao, atatafuta milio ya magari inayotolewa bure, atachukua mmoja na kuupachika. Mlio utakuwa safi, na pengine hakuna atakayelalamika. Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa ndipo penye neno. Mlio huo utamwambia msikilizaji kwamba kuna gari. Hautamwambia ni gari la nani, liko wapi, na limepatwa na nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ya pili hufanywa na lugha, kwamba Kiswahili kina utaratibu wake wa kuifanya, na kwamba waandishi wa michezo wameanza kuuacha utaratibu huo kwa sababu ya wingi wa milio ya bure.

Kwanza ni haki kuisema faida ya milio hiyo. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza, mlio wa gari ulipatikana kwa njia chache tu: kulirekodi gari lenyewe, kutumia sahani ya santuri iliyotoka ng'ambo, au kuuiga mlio mbele ya maikrofoni. Leo mambo ni mengine. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona kilianzisha hazina iitwayo Freesound, ambamo watu wa nchi mbalimbali huweka sauti walizozirekodi wenyewe. Mwaka 2018 BBC ilifungua sauti zaidi ya 16,000 kutoka katika ghala lake kwa matumizi ya binafsi, ya elimu na ya utafiti. Yafaa mtayarishaji akumbuke kwamba bure hiyo ina masharti: nyingine hairuhusu biashara, nyingine yataka jina la aliyeirekodi litajwe. Hata hivyo, kwa kikundi cha wanafunzi au kwa redio ndogo ya wilaya, hazina hizo ni msaada wa kweli, wala hakuna sababu ya kuzidharau.

Tena, magari si jambo la pembeni katika michezo ya redio ya Kiswahili. Mchezo wa mfululizo wa Twende na Wakati, uliotangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993 ili kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, ulimweka katikati Mkwaju, dereva wa malori ya safari ndefu. Maisha ya Mkwaju, starehe zake na maangamizi yake, yote yafuata njia kuu. Katika mchezo wa namna hiyo gari linapoondoka, mke ameachwa. Gari linaposimama, kishawishi kimekaribia. Kuondoka na kusimama kwa gari ni viungo vya hadithi yenyewe, mfano wa mlango katika mchezo wa jukwaani. Mtu aliyezoea kufungua mlango wowote kwa ufunguo wowote hafai kuwa bawabu wa nyumba kama hiyo.

Hebu uangaliwe mlio mmoja tu, basi lisimamapo na kuondoka. Mlio uliorekodiwa Ulaya utakuwa na injini ipunguzayo mwendo, pumzi ya breki za upepo, mlango ufungukao, kisha injini tena. Lakini basi linalosimama Segera au Korogwe halisimamishwi na breki peke yake. Kwanza husikika sauti ya abiria asemaye kwamba anashuka, kisha kiganja cha konda kikigonga bodi, kisha breki, na mara hiyo hiyo wachuuzi wamekwisha kufika madirishani na machungwa yao. Kuondoka ni vivyo hivyo: kiganja hugonga tena, konda hupaza sauti, injini hunguruma, na mchuuzi mmoja hubaki akikimbia kando kudai fedha yake. Katika orodha hiyo injini ni msemaji mmoja kati ya wengi. Anayechukua mlio wa ng'ambo amemchukua injini akawaacha watu. Na mchezo wa kuigiza, hata ukiwa na mitambo kiasi gani, ni habari za watu.

Huenda mtu akajibu kwamba gari la Toyota limeundwa Japani, na injini yake hulia sawasawa Bristol na Korogwe. Basi hoja ya mahali ni hoja ya kutafuta makosa. Jibu hili lina ukweli nusu. Injini ikiwa mpya na gari likiwa limesimama, ni kweli milio hufanana. Lakini gari halisikiki peke yake. Husikika pamoja na changarawe chini ya matairi, pamoja na umri wake, pamoja na shehena yake na mlima linaoupanda. Lori likizimika mlimani, mlio unaofuata si kimya. Ni miguu ya utingo akiruka chini, na jiwe likigotwa nyuma ya gurudumu. Msikilizaji wa Usambara aupata mlio huo wa jiwe na moyo wake watulia. Asipoupata, aendelea kungoja gari lirudi nyuma, na huku wachezaji wamekwisha kuanza mazungumzo mengine. Hapo mchezo umempoteza msikilizaji wake hasa, yule ambaye umeandikwa kwa ajili yake.

Hayo ni ya sikio. Sasa ni ya lugha, maana ndipo ilipo sehemu kubwa ya jambo hili.

Kiswahili kilipokutana na mitambo ya moto hakikuipokea yote kwa majina ya kigeni. Baadhi yake kiliipa majina kwa kuisikiliza. Gari la magurudumu mawili liliitwa pikipiki; wengine waliliita tukutuku. Trekta, pamoja na jina lake la kigeni, liliitwa tingatinga. Majina haya yana umbo moja: mlio mfupi umesemwa mara mbili. Na kwa kuwa katika Kiswahili kurudia neno ni njia ya kawaida ya kuonyesha jambo liendelealo au lifanyikalo tena na tena, kama katika pigapiga na chekacheka, umbo hilo lasema kwamba mtambo umo kazini. Tena majina haya hayakai mbali na vitenzi. Tukutuku ni jirani ya kutukutika, yaani kutetemeka, na tingatinga ni jirani ya kutingisha. Kwa hiyo si rahisi kukata shauri kwamba jina limetoka katika mlio tu. Mlio na mtikisiko vimeingia pamoja, kama vinavyoingia pamoja mwilini mwa mtu aliyekaa juu ya mtambo wenyewe.

Lakini mchambuzi ajihadhari. Si kila neno lililorudiwa ni mlio. Daladala halilii "dala". Jina lake latokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Bodaboda hailii "boda"; jina lake latoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Matatu ni hesabu ya sarafu, na bajaji ni jina la kampuni ya Kihindi. Orodha hii yaonyesha jambo la kuangaliwa: majina ya mlio ni ya zamani kidogo, na majina ya fedha, ya mpaka na ya kiwanda yamekuja baadaye. Hata hivyo daladala na bodaboda zimevikwa umbo lile lile la pikipiki. Mlio umekwisha, lakini kiunzi chake kingali chafanya kazi.

Sasa jambo la pili, ambalo halijapewa uzito wake. Majina yote ya mlio yametokana na mtambo ulio katika mwendo. Hakuna mtambo ulioitwa kwa mlio wa kuanza kwake, wala kwa mlio wa kukoma kwake. Kwa kuanza na kukoma Kiswahili kilikwenda kutafuta mahali pengine kabisa, nako ni jikoni na kwenye taa. Gari huwashwa, huwaka, huzimwa, huzimika. Dereva huwasha injini kama mtu awashaye kuni au utambi, naye huizima kama azimaye koroboi. Gari la moshi lilikuwa na moto wa kuonekana na moshi wa kuonekana, basi hapo pana maana wazi. Lakini motokaa ya petroli huuficha moto wake ndani ya chuma, na lugha imeuona hata hivyo. Ni kweli ya kiufundi pia, kwa sababu injini ya petroli na ya dizeli hufanya kazi kwa kuunguza mafuta ndani ya silinda. Mtu asemaye "gari limewaka" amesema kweli ambayo fundi hawezi kuipinga.

Hatua ya katikati imepata neno lake porini na mawinguni. Injini hunguruma, kama simba na kama radi. Basi safari nzima ya mtambo katika Kiswahili ni hii: huwaka kama moto, hunguruma kama simba, huzimika kama taa. Msikilizaji aliyekulia katika lugha hii haisikii injini ikianza kama chuma kigongacho chuma; aisikia kama uhai uliowashwa. Na injini iliyogoma haikukosea tu. Imekataa kuwaka, na mtu huanza kuisihi.

Kwa mwisho wa jambo Kiswahili kina vijineno vingine, vifupi mno. Kitu huanguka pu; kimya huwa jii; mlango hufungwa ndi. Aghalabu ni silabi moja, ambayo hushuka ikakata maneno. Ukivilinganisha na pikipiki na tukutuku, mpango wajidhihirisha: kiendeleacho husemwa mara mbili, kikomacho husemwa mara moja. Si sheria ya chuma. Mtu hulala fofofo, na fo imerudiwa mara tatu. Lakini usingizi ni hali idumuyo, si tukio la mara moja, basi hata hapo urudiaji umeshika kazi yake ya kudumisha. Mwandishi aujuaye mpango huu anaweza kumfanya msikilizaji alisikie gari likifa kwa neno moja: "Lilikuwa likipanda, tuku, tuku, tuku… tu. Jii." Hakuna mlio wa ng'ambo, wa bure au wa fedha, uwezao kufanya hivyo, kwa sababu mlio hausemi "basi". Ni neno lisemalo "basi".

Wataalamu wa sarufi hawakuvipuuza vijineno hivi kabisa. C. M. Doke, katika kitabu chake cha istilahi za lugha za Kibantu cha mwaka 1935, aliviundia jina lake na kuviweka kuwa aina ya maneno iliyo mbali na nyingine. E. O. Ashton naye alivitaja katika sarufi yake ya mwaka 1944. Hata hivyo fikira ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916, ndiyo iliyotawala vyuoni kwa muda mrefu: kwamba maneno ya kuiga milio ni machache na si viungo hasa vya mfumo wa lugha. Kwa Kifaransa huenda hukumu hiyo yatosha. Kwa Kiswahili haitoshi. Pikipiki limeingia katika ngeli, lina wingi wake na udogo wake. Mtu asema pikipiki zile, na kipikipiki kile. Kiungo kinachokubali upatanisho wa kisarufi hakiwezi kuitwa mgeni. Shule imevitia vijineno hivi katika fungu la mapambo ya mtindo, pamoja na michezo ya watoto, na matokeo yake ni kwamba mwandishi aliyesoma huona haya kuvitumia. Akitaka mlio, huandika tu katika mabano: sauti ya gari. Kisha humwachia fundi mitambo kazi ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

Hapa ndipo kosa la michezo mingi lilipo, nalo lina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mabano matupu. "Sauti ya gari" si maelezo, kama vile "sauti ya mtu" isivyo maelezo. Je, gari lapunguza gia? Lakataa kuwaka mara mbili na kukubali mara ya tatu? Lazimwa kwa utulivu na mtu aliyefika kwake, au lazimika? Tofauti ya kuzimwa na kuzimika ni silabi chache tu, lakini moja ni tendo la mtu na nyingine ni msiba wa mtu, na hadithi nzima yaweza kusimama juu yake. Mlio uliorekodiwa haujui tofauti hiyo: katika hali zote mbili injini hunyamaza.

Sura ya pili ni ya kusema mara mbili. Mlio wa injini wasikika, kisha mchezaji asema, "Naam, gari limewaka." Msikilizaji amefanywa kiziwi. Mwandishi mwenye busara hugawa kazi: mlio huchukua tukio, na neno huchukua maana yake. Injini ikiwaka baada ya kugoma mara mbili, mama aliyemshika mgonjwa wake mapajani hana haja ya kutangaza kwamba imewaka. Yatosha aseme, "Ewe Mola." Kila msikilizaji ameelewa, na mlio, hata ukiwa wa bure, umepata mahali pa kukaa.

Lakini dawa hii isinywewe kupita kiasi. Mwandishi akijaza ukurasa kwa pu na piii na tukutuku, dereva na mgonjwa wake watageuka kuwa vichekesho. Debe tupu haliachi kuvuma, na mchezo uliojaa milio ya mdomo waweza kuwa debe hilo. Vijineno hivi vina nguvu kwa sababu ni vichache, na kwa sababu huja mahali ambapo sentensi ya kawaida imeshindwa.

Baada ya kusema hayo yote, limebaki jambo moja lisiloweza kufanywa na neno peke yake. Milio ya nchi hii nayo yapotea, na nchi ya Korogwe yatoa mfano ulio wazi. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Pamoja nayo yalikuja mashamba ya mkonge na mashine zake za kukamua, ambazo wafanyakazi waliziita korona. Vizazi vitatu viliamshwa kwa milio hiyo. Mitambo ya mvuke iliondoka, ikaja ya dizeli. Mashamba mengi ya mkonge yaliporomoka baada ya miaka ya 1960. Na treni ya abiria ya njia ya kaskazini ilisimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Iliporejea Desemba 2019, kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, watoto waliotoka kuitazama walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza mlio uliokuwa saa ya babu zao: mshtuko wa behewa la kwanza likivutwa, kisha la pili, kisha la tatu, ukikimbia hadi mkiani kabla treni nzima haijaanza kwenda. Mlio wa mvuke hawatausikia.

Huko Paris, mwaka 1948, Pierre Schaeffer alikwenda na chombo cha kurekodi katika stesheni ya Batignolles, akakusanya milio ya treni, akaiunga ikawa muziki, ikatangazwa redioni. Wengine walicheka. Lakini stesheni ile imo hata leo katika historia ya sanaa, kwa sababu mtu mmoja aliona kwamba treni ya mtaani kwake yastahili kusikilizwa. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa Korogwe bila gharama kubwa, maana simu ya mfukoni sasa hurekodi. Wanafunzi wa lugha wanaotumwa vijijini kukusanya methali wangeweza pia kurekodi mashine ya kusaga ikiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, lori likipanda Lutindi, kiganja cha konda juu ya bodi. Na kando ya kila mlio waandike maneno ambayo wenyeji huutajia, kwa Kisambaa, kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Mlio bila neno lake ni nusu ya urithi, na neno bila mlio wake ni nusu ya pili.

Hapo mtayarishaji atakapohitaji gari lipandalo mlima usiku, ataupata mlio wa bure ulio wa mahali pake. Na mwandishi, akiwa ameiacha haya ya shuleni, atakuwa amemwachia nafasi ya kuuweka. Msikilizaji wa Lutindi atainua kichwa, kama anavyokiinua gari la kweli linapounguruma chini ya kilima, na atajua kabla ya kuambiwa kwamba kuna mtu anakuja.